Sushi bila samaki: sahani ya New York na mizigo ya wafanyabiashara wetu

Sushi iitwayo Spicy Mang haina samaki hata chembe. Ndani mna embe, parachichi na tango, nje imezungushiwa wali mweusi, na juu yake hudondoshewa mchuzi wa pilipili. Ni mojawapo ya vyakula vilivyoipatia jina Beyond Sushi, migahawa ya jijini New York iliyoanza mwaka 2012 kuuza sushi isiyo na samaki, nyama, yai wala maziwa. Sushi nyingine ya hapo, Sweet Tree, ina kiazi kitamu na parachichi. Ya tatu, Mighty Mushroom, ni uyoga na soya iliyogandishwa, ile inayoitwa tofu.

Mtu anayevusha mzigo Namanga, Holili, Mutukula au Busia akiisoma orodha hiyo ya chakula anaweza kudhani ameshika daftari lake mwenyewe. Maembe, parachichi, viazi vitamu, mchele, tangawizi, ufuta, soya. Tofauti ni kipimo. Kwake bidhaa hizo zinauzwa kwa kreti, kwa kilo, na pengine kwa gunia la lumbesa. Kule zinauzwa kwa kipande kinachoingia mdomoni mara moja, na vipande vinane hufanya mlo wa mtu.

Ni vizuri kuweka jambo moja wazi mapema. Parachichi linaloliwa New York kwa sehemu kubwa hutoka Mexico, si Njombe wala Murang'a. Wamarekani wanaitegemea Mexico kiasi kwamba Februari 2022, mkaguzi wao mmoja alipotishiwa katika jimbo la Michoacán, uagizaji ulisimamishwa kwa siku kadhaa na biashara nzima ikashikwa na wasiwasi. Lakini ulaji huu hauko New York peke yake. London, Berlin na Amsterdam nako sushi ya mboga inauzwa migahawani na kwenye rafu za maduka makubwa, na huko ndiko mizigo ya Afrika Mashariki inakofika.

Wanaokula namna hiyo huitwa vegani. Neno lenyewe lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, waliotaka kujitofautisha na watu wanaoacha nyama lakini wanakunywa maziwa. Vegani hali chochote kitokacho kwa mnyama, hata asali. Kwetu jambo hili husikika kama anasa ya watu walioshiba, ingawa mwenye duka Mombasa, Dar es Salaam au Kampala amewahudumia majirani Wahindu na Wajaini wasiogusa nyama tangu enzi za babu zake, na Waorthodoksi wa Ethiopia hukaa siku nyingi za mwaka wakifunga nyama, mayai na maziwa. Kula bila nyama tunakujua. Tusilolizoea ni kuona mboga ikitozwa bei ya samaki.

Mwanzilishi wa Beyond Sushi, Guy Vaknin, ni mpishi mzaliwa wa Israeli aliyewahi kushiriki shindano la upishi la televisheni ya Marekani, Hell's Kitchen. Kabla ya hapo alikuwa jikoni katika biashara ya baba yake ya kupika kwenye sherehe. Alifungua mgahawa mdogo Mtaa wa 14 Mashariki, karibu na Union Square, kisha akaingia Chelsea Market, soko la ndani lenye wapita njia wengi. Mwaka 2018 alitokea kwenye kipindi cha Shark Tank, ambako wafanyabiashara wadogo huomba mtaji mbele ya matajiri, na akakubaliana hadharani na wawili kati yao juu ya dola milioni 1.5. Kwa mtu aliyeanza na meza chache, hayo ni maendeleo ya haraka.

Kilichowavuta watu hakikuwa imani peke yake. Wengi waliokula hapo si vegani. Vaknin hakujaribu kuigiza samaki. Aliuza embe kama embe na uyoga kama uyoga, kwa rangi za kumfanya mteja atoe simu apige picha kabla hajaonja. Badala ya wali mweupe wa kawaida alitumia wali mweusi na mchanganyiko wa nafaka sita. Wali mweusi una utafuno, unakaa tumboni, na una ladha inayokaribia ya karanga. Badala ya kumwachia mteja achovye kila kipande kwenye mchuzi wa soya hadi vyote vifanane ladha, kila aina ilipewa mchuzi wake, ukadondoshwa juu. Hilo la mchuzi ndilo lililokuwa la busara kuliko yote, kwa sababu mboga iliyochovywa kwenye chumvi nyingi hubaki chumvi tu.

Migahawa hiyo pia ilipata hati ya kosher, ya chakula kinachoruhusiwa kwa Wayahudi. Jiko lisilo na nyama, maziwa, kamba wala kaa linaondoa sehemu kubwa ya maswali ya Myahudi mwenye kushika dini. Kwa Mwislamu hesabu ni tofauti kidogo, na msafiri wa pwani yetu anapaswa kuijua: chakula cha vegani si lazima kiwe halali. Jiko la Kijapani hutumia sake, ambayo ni pombe ya mchele, na mirin, kitu kitamu kinachofanana nayo. Hata mchuzi wa soya uliochachushwa kwa njia ya asili huwa na alkoholi kidogo. Kuuliza si aibu. Mhudumu wa mgahawa wa namna hii ameshazoea maswali.

Upande wa fedha, mwenye sushi ya mboga ana nafuu moja kubwa. Samaki wa kuliwa mbichi ni bidhaa ya roho mkononi. Mamlaka ya chakula ya Marekani inataka samaki wa aina nyingi wagandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 ili kuua minyoo kabla ya kuliwa wabichi. Bei nayo haina breki: Januari 2019, katika mnada wa kwanza wa mwaka kwenye soko la Toyosu mjini Tokyo, jodari mmoja wa kilo 278 aliuzwa kwa yeni milioni 333.6, zaidi ya dola milioni 3. Ule ulikuwa mnada wa kujitangaza, si bei ya kila siku, lakini unaonyesha ni aina gani ya soko. Kiazi kitamu hakina mnada wa namna hiyo. Kinachopanda ni gharama ya mikono. Samaki akikatwa vizuri yuko tayari, ilhali uyoga lazima ulowekwe, ukaangwe na kukolezwa, na kiazi kichomwe hadi sukari yake itoke. Anayedhani mboga ni njia ya mkato hajasimama kwenye jiko hilo.

Wapo waliochagua njia ya kuigiza. Mpishi Mmarekani James Corwell, baada ya kutembelea mnada wa jodari huko Tsukiji, Tokyo, alitengeneza jodari wa nyanya: nyanya zinamenywa, zinatolewa mbegu na kukolezwa hadi zinapata wekundu na ulaini wa samaki mbichi. Kampuni yake, Ocean Hugger Foods, ilipeleka bidhaa hiyo madukani Marekani mwaka 2017. Janga la korona lilipofunga migahawa mwaka 2020, kampuni nayo ilifunga, kwa kuwa wateja wake wakubwa walikuwa wapishi, na baadaye ikarudi kwa kushirikiana na kampuni ya Thailand. Nyanya, ambazo kwetu huoza kwenye matenga msimu ukifurika, zilikuwa zimegeuzwa kitu cha kushindana na samaki ghali kuliko wote.

Je, hiyo ni sushi kweli? Swali hilo huulizwa sana, na jibu lake ni jepesi kuliko inavyodhaniwa. Sushi ni wali uliotiwa siki. Samaki ni kitoweo chake. Zamani hata wali wenyewe ulitupwa: samaki alifukiwa kwenye wali uliochacha ili asiharibike, kisha akaliwa yeye peke yake. Sushi ya kufinyangwa mkononi, tunayoiona kwenye picha, ilienea Edo, ambayo leo ni Tokyo, katika miaka ya 1820, na jina la Hanaya Yohei ndilo linalotajwa zaidi. Iliuzwa vibandani, kwa watu wenye haraka, kama mishikaki inavyouzwa stendi. Na Wajapani wana sushi za mboga za tangu zamani: ya tango, ya figili iliyochachushwa, ya mfuko wa tofu iliyokaangwa, na ya kanpyo, ambazo ni nyuzi zilizokaushwa za mung'unye. Ndiyo, mung'unye huu huu ambao ukikomaa unakuwa kibuyu.

Japani pia iliwahi kuishi bila nyama kwa amri. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku kuliwa kwa ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku katika miezi fulani ya mwaka, na kwa karne nyingi nyama ilibaki kitu cha pembeni hadi Mfalme Meiji alipoila hadharani mwaka 1872. Mahekalu ya Kibuddha yaliendeleza upishi wao wa mboga tupu, shojin ryori, na mwaka 1237 mtawa Dogen aliandika maelekezo kwa mpishi wa hekalu. Mgahawa wa New York haukuanzia hewani.

Ugumu uko kwenye kitu kisichoonekana. Supu na michuzi mingi ya Kijapani hujengwa juu ya dashi, maji yaliyochemshwa na vipande vya jodari mdogo aliyekaushwa. Mtu anaweza kuagiza mboga tupu na bado akanywa samaki. Jiko la vegani linatumia kombu, mwani mpana wa baharini, pamoja na uyoga wa shiitake uliokaushwa. Mwaka 1908 profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aligundua kwamba ladha nzito ya kombu inatokana na glutamati, akaiita umami. Ugunduzi huo ndio uliozaa ile chumvi ya Kichina inayouzwa kwa vipakiti kwenye kila duka la mtaa hapa kwetu.

Mwani unastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu kila mara sushi inapotajwa Zanzibar au Kwale, huzuka mtu na wazo: sisi tuna mwani, kwa nini tusiwauzie? Karatasi nyeusi inayozungushwa kwenye sushi ni nori, mwani unaopenda maji ya baridi na kuvunwa wakati wa kipupwe. Hata Wajapani hawakujua kuupanda kwa uhakika hadi mwaka 1949, Mwingereza Kathleen Drew-Baker alipogundua kwamba mwani wa jamii hiyo hujificha ndani ya magamba ya chaza sehemu moja ya maisha yake. Wakulima wa Kumamoto walimjengea mnara mwaka 1963, ingawa hakuwahi kufika Japani.

Mwani wa Paje, Jambiani na Kibuyuni ni wa aina nyingine kabisa. Kilimo chake cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Unalimwa aina mbili, spinosum na cottonii, na hizo hazikunjiwi wali. Hukaushwa, husafirishwa na kusagwa viwandani nje ili kutoa karaginani, kigandishi kinachowekwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vya kopo. Hapo ndipo kiungo cha kweli kilipo. Vegani hali jelatini, kwa kuwa inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Jibini lake la mimea, maziwa yake ya mlozi na hata baadhi ya samaki wake wa kuigiza hugandishwa kwa karaginani. Mwani wa mama wa Jambiani unaweza kuwa kwenye mlo huo, ila bila jina, na bei ya mlo haimfikii. Na aina yenye bei nzuri zaidi, cottonii, ndiyo inayokufa maji ya ufukweni yakipata joto. Baadhi ya vikundi Zanzibar vimeanza kutengeneza sabuni na vipodozi vya mwani badala ya kuuza mkavu pekee. Hiyo ina mantiki kuliko ndoto ya nori.

Ufuta, au simsim kama wanavyouita Kenya na Uganda, una njia fupi zaidi hadi kwenye sushi. Hunyunyizwa juu ya wali, hukamuliwa mafuta ya kukolezea, husagwa kuwa rojo. Japani inaula sana na inalima kiasi kidogo mno. Karibu wote, zaidi ya asilimia 99, inanunua nje, na Tanzania ni miongoni mwa wauzaji wake. Anayekusanya ufuta Lindi, Mtwara au Ruvuma yuko kwenye mnyororo huo, atake asitake.

Ndiyo maana sheria za mbali zinamgusa. Tangu Mei 2006 Japani inatumia kiwango kimoja kwa kila kiuatilifu kisichowekewa kiwango chake: kisizidi sehemu 0.01 kwa milioni. Mwaka 2020 nchi za Ulaya zilikuta dawa ya kuua vijidudu, oksidi ya ethilini, kwenye ufuta wa India, na bidhaa nyingi zikaondolewa madukani, kuanzia mikate hadi biskuti. Ufuta wa Uganda nao umewahi kuwekwa kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya mizigo inayokaguliwa zaidi kwa sababu ya bakteria wa salmonella. Marekani, kuanzia Januari 1, 2023, imeuweka ufuta kuwa wa tisa kati ya vyakula vinavyolazimu kutajwa kwenye lebo kwa ajili ya watu wenye mzio. Mnunuzi anayeulizwa maswali hayo kwao lazima ayaulize huku pia: ufuta ulianikwa wapi, ulichanganywa na wa nani, gunia lilibeba nini kabla yake. Dalali anayejumlisha ufuta wa vijiji kumi kwenye lundo moja hana jibu. Waliokuwa mpakani Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, wanajua swali lisilo na jibu hugharimu kiasi gani malori yakiwa yamepanga mstari.

Kwenye mchele hakuna haja ya kukawia. Sushi hutaka punje fupi, nene, zinazoshikana. Mchele wa Kyela na pishori ya Mwea husifiwa kwa kuchambuka na kunukia, na sifa hiyo ndiyo kasoro mbele ya mpishi wa sushi. Uendelee kwenda kwenye pilau. Tangawizi, inayochachushwa kwa siki na kuliwa kati ya kipande na kipande, huchumwa changa, kabla haijapata nyuzi, wakati ile ya Same huachwa ikomae iwe kali kwa ajili ya chai na unga. Lile rojo la kijani lenye ukali wa puani, wasabi, mara nyingi hata si wasabi bali ni mzizi mwingine uliotiwa rangi.

Linabaki parachichi, ambalo liliingia kwenye sushi kwa sababu ya uhaba wa samaki. Los Angeles, miaka ya 1960, mpishi Ichiro Mashita wa mgahawa wa Tokyo Kaikan anasemekana kutafuta kitu cha kushika nafasi ya mnofu wa jodari wenye mafuta, uliokuwa haupatikani mwaka mzima, akaliona parachichi. Mpishi mwingine, wa Vancouver, Kanada, naye hudai heshima hiyo. Wajapani walicheka, kisha wakazoea. Leo ni vigumu kuikuta sushi ya vegani isiyo na parachichi, kwa kuwa ndilo peke yake linalotoa mafuta na ulaini ambao samaki angeutoa.

Kenya sasa ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa parachichi barani Afrika, na sehemu ya mzigo huo huanzia upande wa pili wa mpaka. Maparachichi ya Njombe, Rungwe na Kilimanjaro kwa miaka mingi yamevuka kwenda Kenya, yakapangwa upya, yakafungwa kwenye maboksi na kwenda Ulaya yakihesabiwa kuwa ya Kenya. Kwa mzigo mdogo usiozidi dola 2,000, mfanyabiashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani, alimradi bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti cha afya ya mimea kinabaki pale pale, hakisamehewi. Wanaopita njia za panya hukwepa vyote viwili, na mzigo wao hufika kiwandani bila historia.

Adui mkubwa zaidi ni uchanga. Parachichi haliivi likiwa mtini. Huchumwa limekomaa, likaivia njiani. Likichumwa kabla ya kukomaa haliivi kamwe, hunywea tu na kuwa kama raba. Kwa sababu hiyo mamlaka za Kenya hufunga usafirishaji wa Hass na Fuerte kwa njia ya bahari msimu unapoisha, na wanunuzi wa vijijini hulalamika kila mwaka kwamba wamefungiwa riziki. Tangu mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya kutoka Mombasa hadi Rotterdam ilirefuka sana, na kontena lililochanganya matunda changa na yaliyokomaa likawa kamari: haya yameoza, yale bado magumu. Mpishi wa sushi anahitaji matunda yanayoiva siku moja, yenye ugumu wa kukatwa vipande vyembamba bila kupondeka. Akifungua boksi akakuta nusu ni raba, mwenzake wa mgahawa wa samaki angalau ana jodari wa kuuza siku hiyo.